Ukaguzi wa vifaa vya kambi, Jumamosi

Hamjambo wanakikundi,

Jumamosi saa nne asubuhi tukutane Msitu wa Karura, Nairobi, lango la Limuru Road, na vifaa vyote vya kikundi. Wengi mnaviweka bedsita, chini ya kitanda, kwa hiyo kabla ya kuja:

1. Hema lifungueni leo, lianikwe kivulini mpaka mishono ikauke. Likikunjwa na unyevu huota ukungu, na utando wa kuzuia maji hunata kisha ukabanduka. Harufu yake nayo haitoki hata kwa sabuni! Fito zikunjwe kuanzia katikati ili mpira wa ndani usivutike kupita kiasi.

2. Mfuko wa kulalia usikae umebanwa, hupoteza joto. Utieni kwenye foronya kubwa au mwuning'inize nyuma ya mlango.

3. Mikebe ya gesi iwe mbali na jiko na jua.

Mchango ni Sh200 za ndoano za kutundikia na masanduku ya plastiki, kwa M-Pesa ya mweka hazina kabla ya Ijumaa jioni.

Tafadhali jibu hapa "Nipo" au "Sipo" kufikia Alhamisi saa mbili usiku, na utaje kifaa ulicho nacho. Asanteni.