Jumamosi: cheche za kalsiamu

Hamjambo wanakikundi. Jumamosi ni kampasi ya Chiromo, Nairobi, saa nne kamili asubuhi. Hadithi za jemu ya Waiyaki Way tumezisikia.

Swali lililotushinda wiki jana: kalsiamu hukaza misuli, sasa inalegezaje ateri (mshipa unaotoa damu moyoni)? Angalieni inatokea wapi. Ghala la kalsiamu katika seli ya misuli laini, ile ya ukuta wa ateri, hukaribiana sana na utando wa nje. Vipokezi vya rayanodini (milango ya ghala hilo) vikifunguka, hutoka cheche ndogo ya kalsiamu inayozimika chini ya sekunde moja. Hapo penye cheche kalsiamu hupanda mno, ingawa kwenye seli nzima haibadiliki sana, na chaneli kubwa za potasiamu (vijia vyake kwenye utando) zilizo jirani hufunguka. Potasiamu inatoka, ndani panazidi kuwa hasi, milango ya kalsiamu inayotegemea volti inafungwa, mshipa unalegea. Ni kama jiko la makaa: aliye karibu anaungua, sebuleni bado baridi. (Mfano wangu, msinicheke.)

Cheche zilielezwa kwanza kwenye seli za moyo, 1993. Za ateri 1995. Moyoni zikijumlika hukaza misuli, kwa hiyo msichanganye.

Mwenye projekta aniambie kabla ya Ijumaa. Ile ya juzi ilionyesha kijani tu.