Shukrani kwa Mama Mmoja wa Urusi

Namshukuru hadharani mama mmoja wa Urusi, ambaye simtaji jina wala mji wake kwa sababu bado anaishi huko. Machi 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, kampuni za kimataifa za kadi zilisitisha huduma, na kadi yangu ya benki ya Tanzania ikawa haitoi hata rubli moja.

Mama huyo, jirani wa bweni letu, alinilipia kodi ya chumba, akanikatia tiketi ya kupitia Istanbul, kisha akanisindikiza uwanja wa ndege na kusubiri mpaka nikapita ukaguzi. Haya aliyatenda ilhali yeye mwenyewe alikuwa akidaiwa faini kwa kusimama peke yake barabarani na bango la kupinga vita, kosa ambalo sheria ya mwezi huohuo ililiwekea rubli 30,000 hadi 50,000, mbali na kifungo cha hadi miaka 15 kwa wanaoeneza kinachoitwa habari za uongo kuhusu jeshi. Bei zilipopanda sikumsikia akilalamika, isipokuwa kuhusu sukari.

Nilipotaka kumrudishia fedha alikataa, akaniagiza nimsaidie mwanafunzi mwingine aliyekwama. Nawaomba nanyi mnaoishi karibu na wanafunzi wageni muwaulize kama fedha za kwao zinawafikia.