Rauta ya CNC: anzeni na fremu, mota zingoje

Bwana Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumze na vijana wa Lubumbashi wanaojitengenezea rauta za CNC, yaani mashine za kuchonga mbao zinazoongozwa na kompyuta, na pia na wafanyabiashara wanaowaagizia vifaa. Kutoka Katuba hadi Kampemba watu wanataka milango ya nakshi, vibao vya maduka, makabati ambayo vipande vyake vinalingana. Kazi ipo. Lakini vijana wengi huanza upande usiofaa: fedha ya kwanza inakwenda kwenye mota na kidhibiti, kwa kuwa vinauzwa pamoja ndani ya sanduku moja, na kile kinachobaki ndicho kinanunua fremu. Mwishowe mota nzuri zinakaa juu ya meza inayoyumba. Mashine inakata duara lenye umbo la yai, mwenyewe anakesha akibadilisha programu, kumbe kasoro iko kwenye chuma.

Kabla ya kununua hata boliti, amua ukubwa. Kila mtu anatamani kuingiza plaiwudi nzima, milimita 2,440 kwa 1,220. Mashine ya kwanza na ikate 600 kwa 900, basi. Daraja linalobeba kisu, ukilirefusha mara mbili kwa bomba lilelile na mzigo uleule, linapinda mara nane zaidi. Ukitaka daraja la mita moja na nusu liwe gumu, itabidi uongeze unene wa bomba, uzito wake utadai mota kubwa zaidi, na gharama haitasimama hapo. Mlango mrefu unaweza kuchongwa kwa awamu mbili kwenye mashine ndogo: toboa matundu mawili ya kuongoza, sukuma ubao mbele, uushike tena kwa pini palepale.

Fremu ya MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa) au ya mbao tunaikataa kwa mji wetu. Mvua zikianza Novemba mbao zinavimba, kiangazi zinakauka na kusinyaa, na reli zilizofungwa juu yake zinafuata. Tumia bomba la mraba la chuma, 80 kwa 80 lenye unene wa milimita 4. Mabomba ya namna hiyo mjini hayakosekani, na mafundi wa kuchomelea wako kila mtaa. Shida ni joto. Ukichomelea kona moja kuanzia mwanzo hadi mwisho, ikipoa inavuta fremu nzima. Shika kwanza kona zote kwa nukta, pima mishazari miwili mpaka ilingane, kisha chomelea vipande vya milimita 30 au 40 kwa kurukaruka: kona hii, kisha ile inayotazamana nayo, ukiacha chuma kipoe katikati. Hata hivyo itapinda kidogo. Milimita moja ya kupinda haionekani kwa macho, lakini ukiikaza reli juu yake, kigari kinachoteleza kwenye reli kitakwama, au gololi zake zitakufa mapema.

Dawa ya kupinda huko ziko mbili. Ya kwanza ni mashine ya freze, ile ya kusawazisha chuma kwa kisu kinachozunguka, kupita mara moja juu ya nyuso zinazobeba reli. Mji huu umeishi kwa karakana za migodi tangu enzi za Union Minière, mashine za freze zipo na mafundi wake wapo. Tunawaomba wenye karakana hizo wasiwakatalie vijana kazi ndogo ya fremu moja: kwao ni kazi fupi, kwa kijana ndiyo tofauti kati ya mashine na chuma chakavu. Dawa ya pili ni epoksi nyepesi, gundi ya kuchanganywa inayokauka ikawa ngumu, ile inayojisawazisha yenyewe kama maji. Jenga kingo kando ya nyuso mbili za reli, ziunganishe kwa mfereji ili epoksi ipate usawa mmoja pande zote, mimina unene wa milimita 5 au 6, na uache ikauke siku mbili bila kuigusa. Kandokando ya kingo epoksi hupanda kidogo, kwa hiyo reli ikae angalau milimita 15 ndani. Juni na Julai asubuhi zetu ni za baridi. Epoksi inakuwa nzito na inabaki na mapovu. Imimine saa saba mchana.

Sasa reli na skrubu, ambazo lazima ziagizwe. Kwa ukubwa tuliousema unahitaji reli mbili za mita 1.2, mbili za sentimita 80, na mbili fupi za sentimita 30 kwa mwendo wa juu na chini. Vigari na bamba hula kama milimita 250 za kila reli, ndiyo maana reli inakuwa ndefu kuliko eneo la kukata. Chukua reli za mraba za HGR20, kila moja na vigari viwili. Kwa zile fupi HGR15 inatosha. Reli za mviringo za SBR16 ni za bei nafuu na zinasamehe fremu mbaya, lakini vigari vyake vinacheza, na mchezo huo utauona kwenye nakshi. HGR20 ina kilo 2.2 kwa mita, hivyo reli nne kubwa peke yake zinakaribia kilo 9. Mota nne ni kama kilo 4 nyingine. Mzigo wa ndege hutozwa kwa kilo, kwa hiyo chuma kije kwa meli na barabara kupitia Kasumbalesa, vifaa vya umeme vije kwa ndege. Wakati chuma kiko njiani, wewe unajenga fremu.

Skrubu ziwe za gololi, aina ya 1605: kipenyo milimita 16, na kila mzunguko husogeza milimita 5. Agiza ncha zikiwa zimekwisha kukerezwa kwa beringi za BK12 na BF12, zile zinazoshika ncha mbili za skrubu. Ncha zisizokerezwa ni ngumu mno kwa kisu cha kawaida cha kukerezea. Na skrubu ikifika, usifungue nati kuitoa kwenye skrubu ili uisafishe. Gololi zinamwagika sakafuni, na kuzirudisha bila kupoteza hata moja ni kazi ya saa nyingi. Vigari vya reli ni vivyo hivyo: vitoe tu kwa kuvipitisha kwenye kile kipande cha plastiki vilichokuja nacho. Kiungo kati ya mota na skrubu kiwe cha meno na mpira katikati. Kile cha alumini kilichochanjwa kwa mzunguko hunyumbuka, na kila kisu kinapogeuza njia kinaacha alama.

Kuhusu umeme hatutasema mengi, maana huko ndiko vijana wanakojua zaidi. Mota nne za ukubwa wa NEMA 23 zenye nguvu ya kuzungusha ya Nm 1.9 hivi, viendeshi vinne vya DM542 vya kuziendesha, pawasaplai ya volti 36 na ampea 10, na Arduino Uno, bodi ndogo ya kudhibiti, yenye GRBL 1.1, programu inayogeuza amri kuwa mwendo. Viendeshi vidogo vya kuchomeka juu ya bodi ni vya mota ndogo za NEMA 17, si hizi. Mota za printa za zamani nazo zinafaa mashine ya kuchora kwa kalamu, si kukata mbao ngumu kama mulombwa. Pawasaplai nyingi zina kiswichi chekundu ubavuni: kiwe 230 kabla ya kuchomeka, kikiwa 115 inalipuka papo hapo. Usichomoe waya wa mota umeme ukiwa umewashwa, kiendeshi kitakufa. Na wanaotumia CNC Shield V3, bodi ya kuchomekea waya juu ya Arduino, wajue kwamba maandishi yake ni ya GRBL ya zamani: swichi ya kikomo ya Z (mwendo wa juu na chini) inachomekwa palipoandikwa SpnEn, si palipoandikwa Z.

Hatua kwa milimita ni hesabu, si kubahatisha. Mota ina hatua 200 kwa mzunguko. Ukigawanya kila hatua mara 8, ukagawa kwa milimita 5 za skrubu, unapata 320. Weka 320 kwenye mipangilio ya GRBL ya $100, $101 na $102. Ukiagiza milimita 300 ukapima 290, usirekebishe namba hii: tafuta kiungo kilicholegea au mota inayopoteza hatua. Kasi isipite milimita 4,000 kwa dakika, kwani skrubu ya mita 1.2 ikizunguka haraka zaidi huanza kupiga kama kamba.

Jambo ambalo maelekezo ya kutoka nje hayalitaji ni kukatika kwa umeme. Arduino inapata umeme kwa kompyuta kupitia USB. Umeme wa mtaa ukikatika, mota zinalala lakini kompyuta yenye betri inaendelea kutuma amri na GRBL inaendelea kuhesabu mwendo ambao haupo. Umeme ukirudi, mashine inaamini iko mahali ambapo haiko, na kisu kinapita katikati ya mlango wa mteja. Chukua rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) ya volti 220, koili yake kwenye umeme uleule wa mashine. Mguso wake unaojifunga umeme usipokuwepo uunganishe kati ya pini ya Abort (ya kusimamisha) na GND, kwa waya wenye ngao. Umeme ukikatika, GRBL inasimama papo hapo na kutoa tahadhari. Ukirudi, inua kisu kwa mkono, itume mashine kwenye swichi zake kwa $H, kisha anza tena mistari kadhaa nyuma ya ulipoishia. Hili linawezekana tu ikiwa swichi za vikomo zipo, $22 ni 1, na sifuri ya kazi, yaani mahali vipimo vinapoanzia, imewekwa kwa amri ya G54, ambayo huhifadhiwa. Sifuri ya G92 inapotea.

Spindo, mota inayozungusha kisu, ya kilowati 1.5 au 2.2 ya kupozwa kwa maji ni nzuri na kimya, ila inakuja na kibadilisha masafa ambacho kimeua spindo nyingi siku ya kwanza. Spindo hiyo inataka hezi 400 ili ifike mizunguko 24,000 kwa dakika. Kibadilisha masafa kikiwa bado kimewekwa hezi 50 kama cha pampu, kinaipa volti zote 220 kwenye mzunguko wa chini, na koili zinaungua. Weka masafa ya msingi 400 na ya juu 400 kabla ya kubonyeza kitufe cha kuwasha, na usikate nayo ikiwa chini ya hezi 120. Pima pia kwa mita kama pini ya nne ya plagi yake imeungana na mwili wa spindo. Mara nyingi haijaungana, na hapo ganda lote linaweza kukupiga shoti. Asiye na fedha ya spindo atumie rauta ya mkono yenye mwili wa kipenyo cha milimita 65. Ina kelele, lakini inakata.

Mashine ikikamilika, sikiliza na utazame vumbi. Kisu cha milimita 6 chenye meno mawili, mizunguko 16,000, mwendo milimita 1,600 kwa dakika: kila jino linakula milimita 0.05. Shuka milimita 3 kwa kila mpito. Chukua kinachotoka, kisugue kati ya vidole. Kikiwa vipande vyembamba vinavyokunjika, endelea. Kikiwa unga wa moto wenye harufu ya kuungua, kisu kinasugua badala ya kukata: ongeza mwendo au punguza mizunguko. Wengi hufanya kinyume, wanapunguza mwendo kwa hofu, na kisu kinapoteza makali ndani ya mlango mmoja.

Kwa wafanyabiashara tuna ombi moja. Kwenye kila sanduku la mota andikeni ampea zake na kipenyo cha shimo la kiungo, maana mota za NEMA 23 huja na shafti ya milimita 6.35 au 8, na mteja wa Kolwezi au Likasi anagundua tofauti akiwa tayari amefika kwake. Kwenye skrubu andikeni kama ncha zimekerezwa. Na msiuze mota bila kumuuliza mnunuzi kama fremu yake imesimama.

Mafundi wa mbao na umeme,
Kamalondo, Lubumbashi