Laini moja ya simu si undugu

Mhariri,

Miaka yote nasoma gazeti lako na kunyamaza, lakini makala ya Jumapili kuhusu miji midogo ya Marekani ya mwanzoni mwa karne iliyopita imenishinda. Eti watu wa mashambani kule waliishi kama ndugu wa tumbo moja, na ushahidi ni kwamba walichangia laini ya simu!

Mwandishi wenu anajua laini hiyo ilivyokuwa? Waya mmoja, nyumba kadhaa, kila nyumba na mlio wake: mrefu mmoja na mifupi miwili, na kadhalika. Ikilia kwa jirani, inalia na kwako. Basi unanyanyua mkono wa simu taratibu, unaziba pa kusemea kwa kiganja, unasikiliza ya watu. Wadukuzi wakizidi sauti inafifia, mpaka mwenye simu anapiga kelele wengine washushe. Sawa, mlio mrefu wa wote ulitangaza moto. Umbea ni umbea tu.

Nayajua hayo. Kijijini kwetu, Muheza, simu ya mkononi iliwahi kuwa ya mwenye duka peke yake. Mjomba alipopiga kuhusu mahari yangu, mwenye duka akaweka sauti kubwa. Wanunuzi wa mafuta ya taa wote wakasikia tunavyopanga kuomba kupunguziwa. Magharibi haijaingia, wakwe wameshatuma mtu kuuliza binti yao ana kasoro gani.

Na undugu huo ulikuwa wa nani? Mwaka 1912, wilaya ya Forsyth, jimbo la Georgia, Weusi zaidi ya 1,000 walitimuliwa na majirani zao, makanisa yao yakachomwa moto, wakaacha mashamba yaliyolimwa kwa jasho lao. Majirani hao hao, Mhariri, wa kusalimiana njiani kila asubuhi! Kurasa mbili nzima, hata mstari mmoja juu ya hilo hamna. Halafu mmeweka picha ya nyumba ya shambani inang'aa taa za umeme, chini mmeandika 1910. Mpango wa serikali wa kupeleka umeme mashambani ulianza 1935. Nani anakagua picha zenu?

Mwandishi akitaka kuendelea kusifia, aje akae pale dukani wiki moja, kuanzia saa kumi na moja jioni, kila anayempigia, mkewe na bosi wake wakiwemo, awekwe sauti kubwa. Benchi nitatoa mimi.

Msomaji wenu,
Muheza, Tanga