Mchambuzi wenu naye apimwe kiganja

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako. Gazeti lenu nalisoma tangu enzi zile nakala chache zikigombaniwa kwa muuza nyama ya halali hapa Columbus, Ohio, na sijawahi kuwaandikia. Nilinyamaza hata mlipoweka picha ya raga mkaandika chini yake kwamba ni Super Bowl, fainali ya futiboli ya Kimarekani. Ila ile ripoti ya kwotabeki (mrusha pasi anayeongoza mashambulizi) wa chuo, mliyoipa ukurasa mzima wa nyuma kabla ya drafti, pale timu za NFL, ligi kuu ya mchezo huo, zinapochagua vijana wa vyuo raundi kwa raundi, imenishinda.

Mwandishi wenu katuambia urefu wa kijana, uzito wake, upana wa kiganja kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, na sekunde alizotumia kukimbia yadi 40 akiwa na kaptura. Kisha akakata shauri: raundi ya tatu, na huenda timu itakayomchukua ikambadilishia nafasi. Nimeipekua ripoti yote nikitafuta mechi hata moja. Alicheza na nani? Mabeki walipomvamia, macho yake yalikwenda wapi? Mpokeaji wa kwanza akishabanwa, humwona wa pili, au huukumbatia mpira akaanguka nao? Kimya. Kijana anatathminiwa kwa kazi ya kurusha mpira huku majitu ya kilo 130 yakimjia mbio, na ripoti nzima haina hata mtu mmoja anayemjia.

Vipimo hivyo vya Indianapolis, wanakopimwa vijana kabla ya drafti, vimeshaumbua wengi. Mwaka 2000 Tom Brady alikimbia hizo yadi 40 kwa sekunde 5.28, akaonekana mzito, timu zikachukua makwotabeki sita kabla yake, naye akaokotwa wa 199. Mwaka 2020 ikawa zamu ya kiganja cha Joe Burrow, kijana aliyekulia hapa hapa Ohio: inchi 9, kidogo mno, wakasema. Mwenyewe akatania kwamba anafikiria kustaafu. Cincinnati walimchukua wa kwanza kwa yale aliyoyafanya chuoni LSU msimu wa 2019, pasi 60 za tachidauni (zile zinazofikisha mpira mstari wa mwisho na kuleta alama), na msimu wake wa pili akawafikisha Super Bowl.

Lakini kilichonikera hasa ni lile la kubadilishiwa nafasi. Mpwa wangu anacheza kwotabeki shuleni. Kiangazi kilichopita mama yake alimlipia kambi ya siku moja ya kusaka vipaji, pesa si haba, nami nikampeleka kwa kuwa dada alikuwa zamu hospitalini. Asubuhi nzima ilikuwa kupima: ukuta wa urefu, mizani, kiganja juu ya ubao wenye rula, mbio. Mchana ndipo wakawaita warushe. Mpwa wangu alirusha mipira michache kwa wapokeaji asiowahi kuwaona, uwanjani hakuna beki hata wa dawa, kisha bwana mmoja mwenye filimbi shingoni akamwita pembeni na kumwambia kwamba kwa mbio zake angefaa zaidi kuwa mpokeaji. Nilikuwa nimesimama pale pale. Nikamuuliza kama amewahi kumwona akicheza mechi. Akasema hapana, lakini namba zinajieleza. Tukarudi. Kijana hakufungua mdomo mpaka tunakaribia nyumbani, ndipo akauliza, “Mjomba, kwani nilirusha vibaya?” Hakurusha vibaya. Ni mweusi, ana mbio, na yule bwana alikuwa na jibu lake kabla mpira haujatoka mkononi. Sasa mwandishi wenu, Mswahili mwenzetu, anakuja kulirudia neno lile lile kwenye gazeti letu wenyewe! Hajasikia habari za Warren Moon, kwotabeki mweusi? Mwaka 1978 alitoka Chuo Kikuu cha Washington na ushindi wa Rose Bowl, mechi kubwa ya vyuo, hakuna timu ya NFL iliyomchagua, akaenda Canada akatwaa Grey Cup, kombe la ligi ya huko, mara tano mfululizo na Edmonton ndipo wakubwa wakamkumbuka. Leo sanamu yake iko kwenye ukumbi wa magwiji kule Canton, mwendo wa kama saa mbili kwa gari kutoka hapa; aje nimpeleke kwa mafuta yangu. Na Lamar Jackson je? Alikuwa na tuzo ya Heisman ya 2016, ya mchezaji bora wa vyuo, kabatini, lakini mwaka 2018 Bill Polian, aliyeendesha timu miaka na miaka, alisema hadharani kwamba kijana huyo awe mpokeaji. Akasubiri hadi nafasi ya 32, ya mwisho katika raundi ya kwanza. Mwaka uliofuata akachaguliwa mchezaji bora wa ligi kwa kura zote 50.

Mkitaka kuona kijana anavyotazamwa, chukueni C.J. Stroud, kwotabeki wa Ohio State, chuo cha hapa mjini, ambaye mji huu wote ulimwona akikua kimchezo. Kabla ya drafti ya 2023 zilivuja alama zilizosemekana ni zake za mtihani wa kompyuta wa kupima wepesi wa ubongo, na ghafla kila mtu akawa daktari wa akili. Wengine wakasema makwotabeki wa Ohio State wamedekezwa na wapokeaji bora, huko juu hawafiki mbali. Haya, tarehe 31 Desemba 2022 kijana alikuwa amecheza na Georgia, mabingwa watetezi. Marvin Harrison Jr., mpokeaji wake mkuu, akatoka ameumia. Stroud, aliyesemwa hapendi kukimbia, akakimbia, akarusha yadi 348 na tachidauni 4, na wakafungwa 42 kwa 41 kwa sababu mpigaji alikosa goli saa sita ya usiku ikigonga. Aliyeitazama mechi ile hakuhitaji kompyuta. Houston walimchukua wa pili, na Novemba iliyofuata akarusha yadi 470 dhidi ya Tampa Bay, rekodi ya mchezaji wa mwaka wa kwanza.

Na aliyechukuliwa wa kwanza? Bryce Young alipelekwa Carolina, timu ikashinda mechi 2 kati ya 17, kocha akafukuzwa msimu haujaisha, lawama akabebeshwa kijana. Ni posa ya upande mmoja: binti anachunguzwa ukoo, afya na mapishi, na hakuna anayeuliza huko anakoolewa kukoje. Sisi wa Ohio nyumba hiyo tunaijua, iko Cleveland. Tim Couch aliingia 1999 akiwa wa kwanza wa drafti nzima. Brady Quinn 2007, Brandon Weeden 2012, Johnny Manziel 2014, wote wa raundi ya kwanza, wote wakaondoka mikono mitupu. Baker Mayfield, wa kwanza mwaka 2018, akawapa ushindi wa mtoano ambao hawakuwa wameuonja tangu msimu wa 1994. Wakamwondoa! Alipofika Tampa Bay akatwaa ubingwa wa divisheni misimu miwili mfululizo. Kiganja ni kile kile.

Jambo jingine, maadamu nimeshaanza. Ubavuni mwa ripoti ile mmeweka tangazo la kamari: bashiri nani atachukuliwa wa kwanza. Tangu kamari ya michezo iruhusiwe Ohio Januari 2023, vijana wetu kwenye maghala tunakofanya kazi hawana mazungumzo mengine wakati wa mapumziko, na mshahara wa Ijumaa haufiki Jumatatu. Mchambuzi anaandika “raundi ya tatu”, na kando yake kuna mtu anayesubiri dola 20 za aliyemwamini. Nani anamfanyia nani kazi hapo? Halafu gazeti lenyewe mmelipandisha bei.

Ninachoomba ni hiki. Mchambuzi wenu akimpa kijana alama, pembeni zichapwe, kwa herufi za ukubwa ule ule, alama alizowapa wenzake miaka mitano iliyopita na waliko sasa. Chini ya jina lake uwekwe upana wa kiganja chake kwa inchi, uliopimwa mbele ya mashahidi, pamoja na muda wake wa yadi 40. Saa nitaishika mimi. Asipokubali, basi atazame mechi tatu nzima za huyo kijana, si vipande vya kwenye simu, zote za ugenini, na moja iwe ile aliyofungwa vibaya kuliko zote. Na lile tangazo la kamari lihamishieni ukurasa wa tanzia.

Msomaji wenu,
Columbus, Ohio