Mjomba, nichoree vichochoro vya Makka

Mjomba wangu,

Assalamu alaykum, na shikamoo. Umra nimeimaliza salama na zamzam yako ninayo hapa Pumwani, Nairobi. Kuna jambo limenikaa kifuani tangu nirudi, na ninaliandika hadharani kwa sababu wazee wenzako walioiona Makka ya zamani bado wapo, na wajukuu wao watawasomea.

Ile karatasi ya hija yako ya 1986, uliyoandika kwa penseli: "Toka msikitini upande wa Shamiyya, panda ngazi za kichochoroni, mlango wa tatu kushoto." Niliikunja nikaitia ndani ya pasipoti. Siku ya pili, baada ya Alfajiri, nikashika njia hiyo hiyo. Sikuona ngazi wala mlango. Upanuzi ulioanza 2011 umeumeza mtaa. Mlikolala wewe na wenzako sasa ni marumaru nyeupe, watu wanaswali. Nikaswali rakaa mbili papo hapo, nikakuombea.

Najua kubomoa hakukuanza leo. Sayyidna Umar mwenyewe, khalifa wa pili, alinunua nyumba zilizoubana msikiti akazivunja, mwaka wa 17 Hijria. Hata kati ya vilima vya Safa na Marwa palikuwa barabara ya soko: mahujaji wakifanya sa'yi, ile kwenda na kurudi mara saba, katikati ya maduka na wanunuzi, mpaka upanuzi wa kuanzia 1955 ulipoifunika na kuiingiza msikitini. Mamilioni ya watu hawapiti kwenye uchochoro wa kupishana punda wawili. Mwaka 2006 zaidi ya watu 300 walikufa kwa msongamano Jamarat, pale mahujaji wanaporusha vijiwe kwenye nguzo, na daraja jipya la ghorofa likajengwa. Hilo nalishukuru kwa moyo wote.

Ninalolilia ni jingine. Ile ngome ya Ajyad uliyokuwa ukinisimulia, ya Waturuki, juu ya kilima, ilivunjwa 2002 na kilima chenyewe kikachongwa. Mahali pake pana hoteli na mnara wa saa wa mita 601. KICC, lile ghorofa letu refu la mikutano mjini, tano ukizipandisha moja juu ya nyingine hazifiki. Makka iko bondeni, njia zake zilifuata mikunjo ya milima, na mtu alishuka kutoka nyumbani kwake hadi msikiti wa Haram kwa miguu. Sasa milima imetobolewa mahandaki, na wengi wa wenyeji waliokuwa jirani na Kaaba wamehamia mbali. Ukitoka mlangoni unakutana na lifti na maduka ya dhahabu.

Kwetu haya si mageni. Nyanya alizaliwa Pangani ile ya zamani ya hapa Nairobi, iliyobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, watu wakapelekwa Shauri Moyo. Alikuwa akitutajia nyumba moja moja, nani aliishi wapi, msikiti ulikuwa wapi. Hakuna aliyeandika. Alipofariki, Pangani yake alikwenda nayo.

Kwa hiyo Ijumaa baada ya swala nitakuja na zamzam, karatasi kubwa ya manila na penseli. Tuanzie mlango wa msikiti. Ngazi zilikuwa ngapi? Uchochoro ulipinda wapi? Na yule mzee aliyekuwa akiwauzia maharage asubuhi, alikaa upande gani?

Mpwa wako