Ile ekstensheni inayopita chini ya mlango

Pasua, Moshi
Jumapili jioni

Baba Glory, salamu nyingi.

Picha ya pikipiki ya umeme nimeiona, hongera. Ila macho yangu yaliganda kwenye ile ekstensheni nyeupe inayopita chini ya mlango. Ndiyo maana naandika. Kwenye simu ungenicheka tu.

Mwezi wa nne, mvua zimekaza huku, niliingiza yangu ndani, nikachomeka chaja kwenye ekstensheni ya redio na simu, nikaketi kula. Mama Neema akauliza, "Nani anachoma plastiki?" Nilipoigusa plagi niliiachia palepale. Pini moja ilikuwa imegeuka kahawia, na tundu la soketi limelegea kama jino bovu. Betri haikuwa na kosa lolote. Watu wanaogopa betri, kumbe ugonjwa ulikuwa ukutani. Chaja ya simu inavuta umeme kiduchu; ya pikipiki yangu inavuta wati mia nane na ushee, saa mbili na zaidi bila kupumzika. Pini isiposhika vizuri, joto lote linakaa hapo.

Fundi umeme akanivutia waya wa milimita 2.5 za mraba kwenye soketi ya peke yake, yenye ethi inayofika ardhini kweli. Hata hivyo bado kila nikichomeka, baada ya nusu saa naishika plagi kwa kiganja. Ikiwa vuguvugu, sawa. Ikinifanya nitoe mkono, nazima. Ekstensheni ikikulazimu, tafuta yenye waya mnene na uifungue yote, maana ikiviringishwa joto halina pa kutokea.

Halafu hapo sebuleni paache. Mlango wenu ni mmoja na watoto wanalala ndani. Betri ya lithiamu ikishika moto, ndoo mbili tatu za maji haziitoshi, na moshi wake ni sumu. Pale barazani pana paa. Chajia hapo jioni mkiwa macho, siyo usiku wa manane. Ukitoka Usa River na abiria betri ikiwa ya moto, iache ipoe kwanza. Chaja yenyewe usiifunike na koti la mvua, nakujua.

Chaja ya jirani usiazime, hata kama kichwa chake kinaingia. Ya volti 72 kwenye betri ya volti 60 ni kuitafutia betri kifo. Na umeme ukikatika, chomoa, usubiri urudi na utulie.

Mama Glory asiogope LUKU. Betri yangu, ya volti 72 na ampea-saa 20, kutoka tupu mpaka kujaa haimalizi uniti mbili. Wa kwangu alinuna wiki nzima mpaka nilipomsomea mita kabla na baada.

Ijumaa napita huko na mzigo wa ndizi. Nitakuja na testa, tuifungue soketi yako kabla ya chai. Mpaka hapo, hiyo nyeupe itumie kwa redio.

Wako,
Baba Neema